Makro ikigoma kunakili, uliza anwani kwanza

Ukianza kuandika makro za Excel (maagizo ya lugha ya VBA yanayofanya kazi badala yako), kosa utakalolizoea upesi kuliko mengine ni 1004. Litakutokea ukinakili, litakutokea ukibandika, na maelezo yake hayasaidii kitu. Wengi wakiliona huanza kupapasa msimbo: ongeza Select hapa, futa mstari pale, endesha tena. Acha kwanza. Kwenye makro za kunakili, amri yenyewe mara nyingi haina kasoro. Kasoro iko kwenye mahali. Pale ulipodhani umepataja sipo Excel inapopatafuta.

Tazama mstari huu:

Worksheets("Mauzo").Range(Cells(2, 1), Cells(10, 4)).Copy

Uuendeshe kutoka kwenye moduli ya kawaida huku shiti ya Mauzo ikiwa mbele yako, utanakili bila kelele. Hamia shiti ya Ripoti, endesha tena: 1004. Range imetajiwa shiti yake, lakini Cells zile mbili hazikutajiwa, kwa hiyo Excel inazichukua kwenye shiti yoyote iliyo wazi wakati huo. Unaitaka ichore eneo la Mauzo kwa pembe za Ripoti. Uandike hivi:

With Worksheets("Mauzo")
.Range(.Cells(2, 1), .Cells(10, 4)).Copy
End With

Nukta zilizo mbele ya Cells ndizo dawa. Ukimsikia mtu analalamika kwamba makro ilifanya kazi jana na leo imegoma, anza kutafuta hapa.

Kabla hujabadilisha herufi hata moja, ukishabonyeza Debug kwenye ujumbe wa kosa na mstari ukageuka njano, bonyeza Ctrl+G. Kidirisha cha Immediate, kinachojibu maswali yako papo hapo, kitafunguka chini. Andika ?ActiveSheet.Name kisha Enter, usome uko shiti gani kweli. Mara nyingi jibu hilo tu linatosha. Kidirisha hichohicho kinafaa kwa kosa namba 9, ambalo kwenye kazi hii huwa ni jina la shiti au faili lisilopatikana. Utaapa kwamba jina ni sahihi, na kwa macho ni sahihi. Fungua shiti hiyo, andika ?Len(ActiveSheet.Name). Mauzo ina herufi 5. Ukijibiwa 6, kuna nafasi tupu imejificha mwishoni mwa jina.

Kunakili safu wima nzima kuna mtego wake. Tangu Excel 2007 shiti ina safu mlalo 1,048,576. Ukinakili safu wima A yote na kuanza kubandika B2, seli ya mwisho inakosa pa kukaa, na 1004 inarudi. Anzia B1, au nakili sehemu yenye data tu. Faili za zamani za .xls zinaishia safu mlalo 65,536, kwa hiyo safu wima nzima kutoka faili jipya haiingii humo hata ukianzia juu kabisa. Seli zilizounganishwa nazo zina vurugu zake. Mimi huzitenganisha kwanza, sibishani nazo.

Kosa namba 6, yaani namba kuzidi nafasi yake, ni jepesi: namba ya safu mlalo umeitangaza kuwa Integer, aina ya namba ambayo mwisho wake ni 32,767. Weka Long, inayobeba namba kubwa zaidi, basi.

PasteSpecial, amri ya kubandika kwa kuchagua cha kubandika, ikigoma, angalia kilichotokea kati yake na Copy. Ukinakili kisha ukaondoa ulinzi wa shiti unayoipelekea, kilichonakiliwa kinapotea hapohapo na hakuna cha kubandika. Ondoa ulinzi kwanza, nakili baadaye. Na kama unachotaka ni thamani tu, achana na kunakili:

Worksheets("Ripoti").Range("A2:D10").Value = Worksheets("Mauzo").Range("A2:D10").Value

Ukubwa wa pande mbili ulingane. Upande wa kupokea ukizidi, seli za ziada zitajaa #N/A. Ukipungua, data inakatwa na huambiwi.

Na hayo ya kutoambiwa ndiyo ninayoyaogopa zaidi, kuliko 1004 yenye makelele. Usiweke On Error Resume Next, inayoiambia makro iruke kosa na kuendelea, ili tu ifike mwisho. Itafika, na ripoti itakuwa na mapengo. Pia utakutana na mstari huu kila mahali:

mwisho = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row

Unapanda kutoka chini kutafuta seli ya mwisho yenye kitu, lakini katika safu wima A peke yake. Ikiwa rekodi ya mwisho ina A tupu na B hadi D zimejaa, makro itadhani data imeishia juu yake, na utakachobandika kitaifunika rekodi hiyo bila onyo lolote. Badala ya 1, weka namba ya safu wima isiyoachwa wazi kamwe, kwa mfano ile ya namba ya risiti, na hapa pia usisahau kutaja shiti mbele ya Cells na Rows.