Saa inayojua Februari, mke asiyejua bei

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, nina mke na watoto watatu. Kwa miaka tisa niliweka pembeni pesa za kazi zangu za ziada, na mwaka jana nikanunua saa ya mkononi ya Uswisi, ile yenye kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe kila mwezi una siku ngapi. Nyumbani hakikupungua kitu. Mke wangu nilimwambia ni saa ya kawaida, nimeipata kwa rafiki. Huwa naificha ndani ya soksi, naivaa akitoka. Mwezi uliopita niliivaa harusini, mgeni mmoja akanishika mkono akauliza, "Hii ni yenyewe?" Nikashusha mkono wa shati. Mke wangu aliona. Juzi nimeikuta imesimama, mishale kwenye saa tano kasoro. Watu walipolala nikabonyeza vitufe vya ubavuni kwa kijiti cha meno niirekebishe. Sasa tarehe imekwama katikati ya namba mbili. Naogopa fundi, na mke wangu namwogopa zaidi. Niiuze kimya kimya? — Mwenye Soksi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka. Unisamehe. Ni ile soksi.

Tuanze na mgonjwa. Saa hiyo ilisimama kwa sababu huivai. Nyingi za aina hiyo zikishajaa ufunguo hutembea siku mbili au tatu, kisha basi, na zile zinazojijaza zenyewe zinategemea mtikisiko wa mkono. Ndani ya soksi hakuna mkono.

Kosa la pili ni vile vitufe. Kuanzia kama saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri, meno ya kalenda huwa yameshikana, yanajiandaa kusukuma siku, tarehe na pengine mwezi kwa mpigo mmoja. Ukibonyeza wakati huo unasukuma mlango ambao mwenzako anausukuma kutoka upande wa pili. Tena usiku unaohesabika ni ule wa ndani ya saa, pale ilipo mishale, hata kama nje jua linawaka. Mishale yako ilisimama saa tano kasoro. Ya asubuhi au ya usiku? Uso wa saa hausemi. Anayejua kazi hii huzungusha mishale mbele polepole mpaka aone tarehe inaruka, hapo anajua amevuka usiku wa manane, anaendelea hadi alfajiri ipite, ndipo anashika kitufe. Na anatumia kile kijiti laini kinachokuja na saa. Cha meno ni cha meno.

Sasa usiiguse tena. Usizungushe, usitikise, usibonyeze "mara moja tu kujaribu". Ipeleke kwa fundi aliyewahi kufungua kalenda ya kudumu, kwa sababu ndani kuna mamia ya vipande na si kila anayebadilisha betri ana mkono wa kazi hiyo. Ikirudi ukaja kuikuta imetangulia siku moja, usihangaike kuirudisha nyuma, nyingi hazirudi. Iache isimame, siku ikifika uitie ufunguo.

Nimeandika urefu wote huo kwa sababu nataka ujue kwamba sikudharau ulichonunua. Mimi navaa saa ya betri, na kwa kutunza wakati inaishinda yako bila jasho. Lakini haina habari kwamba kuna Februari. Yako inajua. Ndani yake kuna kisahani chenye ngazi 48, moja kwa kila mwezi wa miaka minne, na shimo la Februari ndilo refu kuliko yote. Mkono mdogo wa chuma unalipapasa shimo hilo na kujua iruke siku ngapi kufika tarehe 1. Gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka minne! Mwingereza Thomas Mudge aliunda saa ya mfukoni ya namna hiyo mwaka 1762, bila umeme wala kompyuta. Mtu kupenda kitu hicho kwa miaka tisa, naelewa kabisa.

Na hapo ndipo ninapokukamata. Kalenda tunayotumia, iliyotengenezwa mwaka 1582, inasema mwaka unaoishia na sifuri mbili si mwaka mrefu isipokuwa ugawanyike kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, 2100 hautakuwa. Saa yako, kama nyingi za aina yake, haijui hilo. Itataka kuonyesha Februari 29, na mtu atalazimika kuirekebisha kwa mkono. Wewe una miaka 44. Mtu huyo si wewe, mwanangu.

Ni nani, basi? Ukiondoka kesho, na sikuombei, mkeo atafungua kabati, atakuta soksi nzito, ndani yake saa iliyosimama, "ya kawaida, kwa rafiki". Atampa jirani. Au ataiuza kwa bei ya mkanda. Karatasi zake ziko wapi? Sanduku lake? Bima utaikatiaje kitu ambacho nyumbani kwako hakipo? Jasho la miaka tisa umelifanya kuwa kitu ambacho mtoto wako anaweza kukitupa bila kosa.

Kwa hiyo kuiuza kimya kimya hapana. Ungebaki na uongo bila saa. Ukitaka kuiuza baada ya kuzungumza na mkeo, hayo ni yenu.

Mwambie kabla ya kwenda kwa fundi, maana bili ya kazi hiyo itasema kila kitu, na itasema vibaya kuliko wewe. Mtajie bei kamili. Usianze na "usikasirike", wala usimwanzie hadithi ya Mudge, hiyo ni ya baadaye. Unasema hakikupungua kitu nyumbani. Nakuamini nusu, nusu nyingine aithibitishe yeye, ndiye anayejua kilichopungua. Atakasirika. Nadhani bei haitamkasirisha kama ule mkono wa shati ulioushusha mbele ya watu, akaona unamficha kitu ambacho mgeni alikijua kwa kukitazama mara moja. Hapo huna utetezi, omba radhi tu.

Saa ikipona, ivae. Kazini, sokoni, kwenye kikao cha shule. Ivue tu unapooga, maana nyingi za namna hiyo hazipatani na maji. Na kile kijiti cha kubonyezea mpe mkeo akitunze. Wewe umeshaonyesha kwamba usiku huaminiki nacho.