Jibu: Togwa kugoma kuchachuka kwenye baridi
Mkuu, umeuliza kwa nini togwa yako huko Njombe imelala siku mbili bila kuchachuka Julai hii, na kama achari ya kabichi nayo itagoma.

Mchawi hapo ni baridi tu. Pika uji kama kawaida, uache upoe hadi uweze kuchovya kidole bila kuungua, ndipo ukoroge unga wa kimea cha ulezi. Uji ukiwa wa moto sana kimea kinakufa. Kikikubali utauona uji mzito unalegea na kuwa mwepesi, wenye utamu. Hapo ongeza kikombe cha togwa iliyotangulia kama unayo, funika, viringisha ndoo kwa blanketi uiweke jikoni karibu na mafiga, si juu yake. Kesho yake onja.

Achari ndiyo kwanza inapenda baridi. Kilo moja ya kabichi na karoti kwa chumvi gramu 20, finyanga kwa mikono hadi itoe maji, shindilia kwenye chupa, maji yafunike mboga. Legeza mfuniko kila siku gesi itoke. Itachelewa, wiki mbili tatu hivi, lakini haitalegea mdomoni. Ukiona ukungu wenye manyoya, mwaga yote.