Siku 15 za sala si za daktari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mamako. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Waniuliza: damu yako ya mwezi sasa inakwenda siku 11, yatoka na mabonge, na ukipanda ngazi wapata kizunguzungu. Mamako mkubwa amekwambia usitie shaka maadamu haijapita siku 15. Je, utulie au uende hospitali?

Enda hospitali.

Mamako mkubwa amekujibu ya sala, na ya sala amepatia. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tulifundishwa chuoni kwamba hedhi haizidi siku 15. Ikizidi ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, unaoga, unasali, unafunga. Lakini hukumu ile haikuwekwa ipime uzima wa kizazi. Madaktari wana hesabu yao: damu isizidi siku 8, na toka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine ziwe siku 24 hadi 38. Na ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja au mbili, au ukiona damu kati ya hedhi moja na nyingine au baada ya kulala na mumeo, hata siku zikiwa 5 nenda.

Sababu ni nyingi. Huenda ni fibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, ambazo kwa sisi wanawake weusi ni nyingi mno, au vinyama vilivyoota ndani ya kizazi, au utando wake umeingia kwenye misuli. Huenda ni thairodi, ile tezi ya shingoni, au ovari zisizopevusha yai kila mwezi, sindano ya kupanga uzazi, koili. Saratani pia imo. Kwa hivyo asikubonyeze mtu tumbo akakwambia papo hapo ni fibroidi, ukaridhika.

Kwanza watakupima mimba. Usikasirike, hata ukiwa na hakika huna. Mimba iliyotunga nje ya kizazi hutoa damu mtu akadhani ni hedhi, nayo huua. Kisha watapima wingi wa damu mwilini, yaani hemoglobini. Ikiwa chini ya 12 umepungukiwa, na kizunguzungu chako chanifanya nidhani ndivyo. Watautazama mlango wa kizazi kwa chombo, halafu skani, pengine ya kupitia ukeni. Yaudhi kidogo, lakini yaonyesha vizuri zaidi. Kuchukua kipande cha utando wa kizazi hufanywa zaidi kwa waliofika miaka 45, au walio chini yake wenye uzito mkubwa au ambao dawa haikuwasaidia. Mimi niliyekwisha koma hedhi, tone moja tu ningelipeleka kwa daktari.

Na umwambie daktari lile la tangu uvunje ungo: hedhi nzito, na ulipong'olewa jino ukatoka damu usiku kucha. Yuko mtu ambaye damu yake haigandi sawasawa kwa kurithi, na asipoeleza mwenyewe hakuna atakayemfikiria. Dawa zote unazokunywa zitaje, za miti pia.

Andika tarehe za miezi mitatu iliyopita na pedi ulizotumia kwa siku. Jumatatu nitakungoja Feri ya Likoni, upande wa kisiwani Mombasa, saa mbili asubuhi, twende pamoja hospitali kuu ya Pwani. Lakini ukianza kulowesha pedi kila saa, au moyo ukienda mbio na macho yakaingia giza, usiningoje. Mwamshe mumeo mje usiku huo huo. Feri yavusha usiku kucha.

Mamako