"Angalau 6" au "zaidi ya 6"?

Swali: Mwalimu, niko Lubumbashi, ninageuza kwa Kiswahili somo la hesabu za kupanga manunuzi ya masasi na makombora ya jeshi. "Kontrente" (contrainte ya Kifaransa, yaani mpaka ambao jibu la hesabu lazima liuheshimu) niiite kikwazo? Na "angalau" si sawa na "zaidi ya"?

Jibu: Si sawa, na modeli nyingi huharibikia hapo. "Angalau 6" inaihesabu 6 yenyewe. "Zaidi ya 6" inaanza baada yake. Kwa makasha mazima utapoteza kasha moja tu. Kwa baruti ya kupima kwa tani ni balaa: ukitafuta gharama ndogo kabisa ya tani "zaidi ya 6", jibu halipo, kwani kila kiasi utakachotaja kuna kidogo zaidi ambacho bado kinapita 6. Andika "zisipungue 6". Kwenye bajeti andika "isizidi". "Isipite" ya mtaani kwenu nayo haina kosa. "Hadi" iache, msomaji atajiuliza kama namba ya mwisho imo.

Kontrente iite sharti. Kikwazo huondolewa, sharti hutimizwa, na nafasi ya ghala au uwezo wa kiwanda kwa mwezi huuondoi kwa kalamu.

Tenganisha pia "idadi" na "kiasi". Idadi ni ya vitu vizima, kiasi hukubali sehemu. Tuseme bajeti isizidi dola 10,000, kasha la masasi ni dola 700, la makombora 1,000. Masasi yasipungue makasha 6, lengo likiwa makombora mengi iwezekanavyo. Aliyeandika "kiasi cha makasha" atapata 5.8 ya makombora, ataipandisha kuwa 6, na gharama itafika 10,200. Kwa "idadi" jibu ni 5, na dola 800 zinazobaki zinatosha kasha la 7 la masasi.

Jina la somo lenyewe (linear programming kwa Kiingereza) liwe "upangaji wa mstari", si "programu ya mstari". Mwanahisabati George Dantzig alipobuni simplex, mbinu ya kutatua hesabu hizi, mwaka 1947 alikuwa akifanyia kazi jeshi la anga la Marekani, na "programu" kwa wanajeshi wale ilikuwa mpango wa mafunzo na ugavi, si ya kompyuta.

"Masasi" yako usiyafute kwa kuogopa Kiswahili sanifu. Kwenye jedwali la manunuzi, "tani 2 za risasi" zinaweza kusomwa kuwa madini ya risasi. Ukilazimika kuandika kisanifu, andika "risasi za bunduki" na uzihesabu kwa makasha.