Transverta ya 1296: anza na redio uliyonayo

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina redio ya mawimbi mafupi ya wati 100, na nyingine ndogo ya mita 2 (megahezi 144) yenye SSB, mtindo wa kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, ambayo mwisho wake ni wati 5. Nataka kuingia bendi ya sentimita 23, yaani megahezi 1296. Nimepata transverta mbili, yaani vifaa vya kuhamisha masafa ya redio hadi bendi nyingine, za bei inayokaribiana. Moja huunganishwa na redio ya megahezi 28 na kutoa wati 20. Nyingine huunganishwa na megahezi 144 na kutoa wati 2 tu. Moyo unanivuta kwa ile ya wati 20. Unanishauri nini?

JIBU: Habari ni njema, ndugu yangu. Kwa vifaa ulivyo navyo, chukua ile ya wati 2. Najua inauma kuacha wati 18 dukani, kwa hiyo nitakueleza sababu zangu taratibu.

Transverta hufanya hesabu ya kujumlisha. Redio inatoa masafa yake, osileta ya ndani (saketi inayozalisha masafa yake yenyewe) inaongeza ya kwake, na mikisa (saketi inayoyachanganya) inatoa jawabu: 28 + 1268 ni 1296, na 144 + 1152 ni 1296. Tatizo ni kwamba wakati wa kupokea mikisa haina macho. Chochote kilicho mbali na osileta kwa tofauti ileile, upande wa chini, nacho kitaingia. Mimi huyaita masafa pacha. Kwa transverta ya megahezi 28, pacha ni 1268 kutoa 28, yaani 1240. Kwa ile ya 144 ni 1152 kutoa 144, yaani 1008.

Sasa tazama umbali. Kutoka 1296 hadi 1240 ni megahezi 56 tu, na eneo hilo lina rada. Kichujio cha kulikata pacha lililo karibu hivyo lazima kiwe kikali na kimepangwa kwa mkono wa fundi anayejua. Hadi 1008 ni megahezi 288, na hapo hata kichujio cha kawaida kinatosha. Hata kama hakuna rada, pacha lisilokatwa linakuongezea kelele zake juu ya zako, na unaweza kupoteza hadi desibeli 3 za usikivu, yaani nusu yake, bila kujua zimekwenda wapi. Ukirusha nako, osileta ya 1268 ikivuja inatoka hewani ndani ya 1260 hadi 1270, eneo ambalo wenzetu wa redio ya ridhaa hulitumia kupandisha mawimbi kwenye setilaiti. Wati zinaweza kuongezwa baadaye kwa kununua amplifaya. Kichujio kibovu utaishi nacho.

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, maana nimeona vifaa vingi vikifa kwa hilo. Niliwahi kuletewa transverta iliyokuwa kimya kabisa. Nilipofungua kifuniko harufu ilinitangulia: rezista mbili kwenye mlango wa redio zilikuwa nyeusi kama mkaa, na kati ya diodi nne za mikisa, mbili zilikuwa zimekatika. Mwenyewe aliniapia kwamba redio yake ya wati 100 aliiweka wati 5, na alisema kweli. Tuliiunganisha kwenye osiloskopu kupitia kipunguza nguvu, akabonyeza swichi ya kurushia. Kwa milisekunde chache za mwanzo redio ilitema karibu nguvu zake zote, ndipo saketi ya kudhibiti nguvu ikaishika. Jicho halioni hilo kwenye mita ya redio. Mikisa inaliona.

Redio yako ndogo mwisho wake ni wati 5. Kwa hiyo muulize muuzaji namba mbili, na usikubali kupewa moja: transverta inahitaji nguvu kiasi gani ili itoe wati zake zote, na inavumilia kiasi gani bila kuungua? Ikiwa inavumilia wati 5, hakuna kosa la kidole litakaloiua. Ikiwa haivumilii, kipunguza nguvu kikae kwenye njia ya kurushia kabla hujaunganisha chochote.

Tuje kwenye zile wati 20. Ukiiweka transverta mezani na kupandisha mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58, kwenye 1296 unapoteza desibeli 6 au zaidi. Wati 20 zinafika kwenye antena zikiwa 5, na mapokezi yanaumia kwa kiasi kilekile. Ile ya wati 2 ifungie ndani ya boksi lisiloingiza maji, mlingotini, karibu na antena. Kebo ndefu itabeba megahezi 144, ambazo hazipotei sana, na amplifaya ya mapokezi itakuwa palepale ishara inapoingia.

Boksi hilo litapata jua mchana na baridi usiku, kwa hiyo osileta nayo itatembea. Kosa la sehemu moja katika milioni, kwenye 1152, ni hezi 1152. Sauti ya SSB ikihama hivyo haieleweki, na mwenzako kwenye FT8, mtindo wa kidijitali wa kutuma ujumbe mfupi, hatakuona kabisa mahali anapokutafuta. Chagua transverta yenye tundu la kupokea rejea ya megahezi 10 kutoka nje, yaani ishara thabiti ya kuishikilia osileta mahali pake, hata kama kifaa cha rejea kinachofuata GPS utakinunua mwakani.

Rilei ya antena, yaani swichi ya umeme inayoihamisha antena kati ya kupokea na kurusha, lazima imalize kuhama kabla nguvu hazijatoka, la sivyo amplifaya ya mapokezi inaungua. Hakikisha transverta ina saketi ya kupanga zamu hizo.

Njia hii ina kasoro moja, na sitaki uikute peke yako. Kituo chenye nguvu cha mita 2 kilicho karibu nawe kinaweza kupenya moja kwa moja kwenye kebo ya 144, ukamsikia mtu ambaye hayuko 1296 kabisa. Kabla hujalipa, omba muuzaji achomoe antena ya 1296, transverta ikiwa imewashwa, halafu mzungushe redio taratibu kutoka 144 hadi 146. Mkisikia mazungumzo, jaribuni kebo yenye kinga mbili. Yakiendelea hata kwa kebo hiyo, boksi la transverta lenyewe ndilo linalovuja, na hiyo usiinunue.