Nilikuwa mtoza kodi Teso, fidia nimeidai hivi

Ndugu, umeuliza baba yako, aliyekuwa akitoza kodi Teso, mashariki mwa Uganda, aanzie wapi kudai serikalini mali iliyopotea wakati wa uasi. Mimi nilikuwa chifu wa muluka, yaani parokia, hukohuko, kazi yangu kodi ya kichwa, uasi wa UPA, jeshi la waasi la Uganda People's Army, ulipoanza mwaka 1987. Siku zile mwenye kitabu cha risiti ndiye aliyekuwa serikali. Waasi walinijia usiku, wakachoma nyumba na ghala, wakaondoka na plau na maksai wanne. Ng'ombe waliobaki wakaja kuswagwa na wezi kutoka Karamoja. Nikavuka kwa wajomba upande wa Kenya, Malaba.

Kosa langu lilikuwa kuandika hasara kwa pesa. Mei 1987 shilingi ilibadilishwa, 100 za zamani zikawa 1 mpya, nami nikachanganya bei ya kununulia na bei ya siku ya kuibiwa. Karani alisoma, akacheka, akanirudishia. Mwandikieni mzee mifugo kwa vichwa: dume mweusi mwenye baka kifuani, mitamba mitatu, maksai wanne. Bei watapanga wenyewe.

Lililonitesa ni jingine. Mtoza kodi huulizwa swali ambalo jirani yake haulizwi: pesa za serikali ulizokuwa nazo siku ile ziko wapi? Bahati yangu, kitabu cha risiti nilikuwa nimekifukia ndani ya chungu, chini ya jiwe la kusagia la mama watoto. Mchwa walikula kingo, namba zikabaki. Zikalingana na pesa nilizokabidhi gombolola, ofisi iliyo juu ya muluka, wiki moja kabla. Hapo ndipo karani aliponivutia kiti.

Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni lazima, na viapo vya majirani wawili walioona moto. Kodi yenyewe iliondolewa 2005 na vijana wa ofisini hawaijui, kwa hiyo ambatanisheni barua yake ya ajira.

Mahakamani peke yake asijisumbue. Kesi ya madhara dhidi ya serikali Uganda lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2 tu. Wakili wangu alikula mbuzi wawili kabla ya kuniambia hilo. Aingie kwenye orodha ya wadai wenzake wilayani. Mimi nimo, bado nasubiri.

Kitabu cha mzee kipo? Kama kipo, msikifunge kwenye nailoni, unyevu utakimaliza.