Maswali yenu ya Kireno: "sazonal" na jamaa zake

Niko Lisbon. Kwenye mkataba wameniandikia "trabalho sazonal". Ndiyo kibarua?

Hapana. Sazonal ni "-a msimu": kazi inayokuja na msimu na kuisha nao, kama kuchuma zabibu mwezi Septemba au kuhudumia watalii kule Algarve wakati wa joto. Kubeba samani za mtu siku mbili ni kibarua, lakini si sazonal. Kabla ya kutia saini, hakikisha mkataba unasema unaisha lini. Neno hilohilo utalikuta hospitalini: gripe sazonal, yale mafua makali yanayorudi kila kipupwe.

Wingi wake ni upi?

Sazonais, kama animal inavyokuwa animais. Jinsia ya nomino, ya kiume au ya kike, haiigusi. Mkazo uweke silabi ya mwisho.

Estival na sazonal vinatofautianaje?

Estival ni ya majira ya joto peke yake. Baridi ina invernal, masika ya Ulaya yana primaveril, na majani yanapopukutika ni outonal. Sazonal inafaa kwa yote. Ila estival ni neno la magazetini. Dukani omba roupa de verão, nguo za majira ya joto, nawe utaeleweka mara moja. Na kumbuka Brazili: likizo ya Januari kule ni estival, wakati Ureno watu wanatetemeka.

Nahamia Pemba, ile ya Msumbiji. Nijifunze yote hayo?

Anza na época chuvosa, majira ya mvua, takriban Oktoba hadi Machi, na época seca, kiangazi. Chuvoso hufuata jinsia: tempo chuvoso, época chuvosa. Haya nakusihi uyashike kabla ya mengine yote, kwa sababu ndiyo utakayoyasikia redioni tahadhari za vimbunga zinapotolewa. Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, mkoa ulipo mji huo wa Pemba, Aprili 2019, mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni. Usidhani kalenda ikifika Machi hatari imekwisha.

Je, sazonal na "msimu" ni neno moja?

La. Sazonal imepitia sazão, kutoka neno la Kilatini la kupanda mbegu. Msimu ni Kiarabu, mawsim. Ndugu yake halisi katika Kireno ni monção, pepo za msimu, nalo limetokana na mawsim hiyohiyo. Kaskazi na kusi, kwa Mreno, zote ni monção.